Nani Atamshika Mbwa?

Katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, Masaki na Oysterbay kwa mfano, mtu anaweza siku hizi kumpeleka mbwa wake kwa kinyozi. Mbwa ataoshwa, atakaushwa kwa mashine, atachanwa manyoya, atakatwa kucha, atasafishwa masikio na kurudishwa kwa mwenyewe akinukia kuliko abiria wengi wa mwendokasi. Wanafunzi wangu nilipowagusia jambo hili katika semina moja kuhusu matabaka walicheka sana. Mmoja alisema huo ndio ushahidi kwamba wapo Watanzania waliokwisha kuhama nchi bila kupanda ndege. Nililipokea jibu lake kama mzaha mzuri, lakini sikulikubali kama hoja. Mimi ni mtu wa Kilwa, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kazi ya kinyozi wa mbwa, ukiivua manukato na utepe wa shingoni, ni kazi ambayo pwani yetu inaihitaji kuliko Masaki.

Nianze na kazi yenyewe, kwa maana wengi wanaoicheka hawajui inafanya nini. Asili yake si urembo. Ule mnyoo wa ajabu wa mbwa aina ya poodle, unaoacha mashungi kifuani na kwenye viungo huku sehemu nyingine zikiwa uchi, ulianza kwa mbwa wa majini. Walikuwa wakitumwa kuokota bata waliopigwa risasi ziwani, wakanyolewa ili waogelee wepesi, na manyoya yakaachwa pale yalipotakiwa kukinga baridi. Baadaye matajiri waliugeuza kuwa fasheni, na kufikia karne ya 19 jiji la Paris lilikuwa na vinyozi wa mbwa waliofanya kazi kando ya mto Seine kama vinyozi wetu wa chini ya mwembe. Lakini hata leo kinyozi anayeijua kazi yake huanza kwa mikono kabla ya mkasi. Humpapasa mbwa kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia, akitafuta uvimbe, jeraha, kupe, mba, ukurutu, harufu mbaya ya sikio, kucha iliyojikunja ikaingia nyamani. Huo ndio moyo wa kazi. Waelekezi wa mbwa wa polisi huwapiga brashi wanyama wao kila siku kwa sababu hiyohiyo: brashi ni kisingizio cha ukaguzi.

Sasa twende Kilwa, kilomita zipatazo 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akaandika kwamba walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii. Hatujabadilika sana katika hilo. Na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: akigusa chombo kwa ulimi wake, au akikugusa mkiwa na majimaji baina yenu, patatwaharishwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikulia katika sheria hiyo. Watoto wa mtaa wetu wa Kilwa Kivinje tulijua kumkimbia mbwa kabla ya kujua kusoma, na tulikimbia kwa hofu mbili, ya meno na ya udhu. Sitaki kuigeuza dini ya wazee wangu kuwa mtuhumiwa wa makala hii, kama wanavyopenda baadhi ya wasomi wenzangu wanapozungumzia pwani. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Inasimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Katika kisa cha watu wa pangoni, mbwa wao amelala mlangoni nao miaka yote ile. Wanaomfuata Imamu Malik, kwa upande wao, wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Kwa hiyo swali la pwani halijawahi kuwa kama mbwa awepo au asiwepo. Yupo, na tunamtegemea. Swali ni nani atamshika.

Anayelima bara kidogo ya mji, upande wa Njinjo na bonde la mto Matandu, anajua kwa nini nasema tunamtegemea. Nguruwe pori wakiingia katika mihogo usiku mmoja, asubuhi unakuta shamba limelimwa upya. Ngedere na nyani nao wana zamu yao mchana. Mjomba wangu, mtu wa swala tano na mwenye sijda usoni, ana mbwa wawili shambani kwa miaka yote ninayokumbuka. Huwatupia ugali na mabaki ya dagaa kutoka umbali wa hatua tano. Huwaita kwa mluzi. Huwaheshimu kama askari. Hajawahi kuwagusa. Na kwa muda mrefu hakuna mwingine aliyewagusa, isipokuwa kupe na viroboto.

Ni hapa ndipo siasa inapoingia. Mwaka 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu mkoani Mbeya kwa sababu ya maji ya mto Ruaha Mkuu, wengi walielekezwa kusini, mkoani Lindi: Kilwa, Liwale, Nachingwea na Lindi vijijini. Walikuja Wasukuma, wakaja Wabarbaig, na ng'ombe wao, na mbwa wao. Mengi yameandikwa juu ya yaliyofuata baina ya wakulima na wafugaji. Mimi mwenyewe nimeyaandika hapa, wala sitayarudia. Nitasema tu kwamba katika ugomvi ule wa malisho na mashamba kulikuwa na mambo madogo ya ujirani ambayo hayakuingia katika ripoti yoyote.

Mojawapo ni hili. Kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akichunga ng'ombe jirani na shamba la mjomba alikuwa akipita kunywa maji. Siku moja akakaa chini, akamvuta mbwa mmoja, akaanza kumng'oa kupe. Mjomba alisimama mbali akitazama kama mtu anayetazama mwenzake akishika nyoka. Kijana alifanya kazi yake taratibu, akamaliza, akaoga mikono, akaenda zake. Juma lililofuata akarudi. Ukawa mtindo: kila baada ya siku kadhaa kijana anakuja, mbwa wanamlalia kwa furaha, anawakagua, anawaogesha kwa ndoo, anawakata kucha kwa kisu kikali kwa ustadi ambao mimi nisingeuthubutu, na mjomba anamlipa kwa mihogo na kwa ufuta wakati wa mavuno. Huyo ndiye kinyozi wa mbwa wa kwanza niliyemjua. Hakuwa na cheti wala mashine ya kukaushia, lakini mbwa wale walinona, manyoya yakang'aa, na usiku wakabweka kwa nguvu mpya.

Nilimwuliza mambo mengi kila nilipokwenda likizo, kisha nikawauliza wenzangu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako madaktari wetu wa mifugo wanafundishwa, kama aliyoniambia ni sahihi. Karibu yote yalikuwa sahihi. Kupe, alisema, hushikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kupinda. Hapasuliwi kwa vidole, kwa kuwa maji yake yana magonjwa, wala hapakwi mafuta ya taa. Kati ya vidole vya miguu ndipo pa kutazama kwanza, kwa sababu hapo hujificha kupe wadogo, na hapo pia huzama tekenya. Huyu tekenya, kwa njia, si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Brazili kwa meli iliyotia nanga Angola mwaka 1872, akalivuka bara zima kwa miguu ya watu, hasa wapagazi na askari wa misafara, hata kabla ya karne ile kwisha akawa amefika pwani yetu. Mbwa ni mmoja wa wanaomhifadhi. Familia inayotibu miguu ya watoto ikaacha miguu ya mbwa anayelala kizingitini itatibu tena mwezi ujao.

Kuhusu kuogesha, kijana alikuwa na msimamo mmoja niliouona baadaye katika vitabu: manyoya huchanwa kabla ya maji. Fundo lililolowa hujikaza, na chini yake unyevu hubaki ukaozesha ngozi. Hali ya hewa ya Lindi, yenye joto na unyevu wa bahari, ni rafiki wa ukungu wa ngozi, hivyo mbwa aliyeoshwa vizuri akaachwa mbichi ana hatari kuliko aliyeachwa na vumbi lake. Masikio nayo yakaushwe, hasa ya mbwa wenye masikio yaliyolala. Sabuni ya mche tunayofulia inamwondolea mbwa mafuta ya ngozi. Hata sabuni za nywele za binadamu si zake, kwa kuwa ngozi yetu ina asidi zaidi na ya mbwa inakaribia ukati. Mwenye uwezo atafute sabuni ya mbwa. Asiye nayo atumie kidogo ya watoto, asuuze mara nyingi, na asiogeshe kila siku kama anayesugua sufuria.

Jambo moja tu alikosea, na ni kosa la pwani nzima na la bara pia. Alikuwa akichukua dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, akaipima kwa macho ndani ya ndoo ya mbwa. Dawa hizi hupimwa kwa kipimo cha lebo. Baadhi, kama zenye amitrazi, hutumika kwa mbwa kwa kipimo chake, lakini nyingine zinafaa ng'ombe na zinaua mtoto wa mbwa. Mbwa naye hujilamba, kwa hiyo dawa ya mgongoni huishia tumboni. Ile inayomfaa mbwa yenye pamethrini yaweza kumwua paka wa nyumba hiyohiyo akijisugua kwa rafiki yake. Afisa mifugo wa kata aulizwe kabla ya ndoo kuchanganywa. Ndiyo kazi anayolipwa na kodi zetu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Juni, baada ya ufuta kuvunwa, kijana alikuja kama kawaida yake. Katika kumpapasa mbwa mkubwa akakuta chini ya manyoya ya shingo jeraha la meno, lililoanza kukauka. Kwa macho lisingeonekana. Mjomba, anayemtazama mbwa wake kila siku kutoka hatua tano, hakuwa ameliona. Kijana akauliza kama palipita mbwa mgeni. Mke wa mjomba akakumbuka kwamba siku kadhaa nyuma alimwona mbwa asiyemjua akipita shambani akiyumba, mdomo wazi, mchana kweupe. Kijana akasema neno moja kwa Kisukuma, akalitafsiri: "Mzee, mfunge huyu. Mbali na watoto. Usimwue bure, lakini mfunge."

Mbwa yule hakuwa amechanjwa. Mjomba alimwagiza kijana amfunge kwa mnyororo chini ya mkorosho, na watoto wakakatazwa kufika. Wiki ya tatu mbwa akaanza kuuma mnyororo, mate yakamtiririka, sauti ikabadilika, maji yakamshinda kumeza. Afisa mifugo akaja, mbwa akauawa, akazikwa. Katika nyumba ile walikuwamo watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyeumwa.

Lakini kijana alikuwa amemshika mbwa yule kwa mikono mitupu mara kadhaa, mikono ya mchungaji iliyojaa mikwaruzo ya miiba. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa katika mate, huweza kutokea matení siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili, na mate juu ya ngozi iliyochubuka ni mlango tosha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla hazijaanza, kinga ni karibu ya uhakika: kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha sindano za chanjo kwa siku zilizopangwa. Mjomba, mtu wa kuogopa Mungu, alimpakia kijana kwenye bodaboda wakaenda kituo cha afya. Sitakitaja. Waliambiwa kwamba kijana hakuumwa, hivyo arudi nyumbani. Walipobisha, wakaulizwa kijana ni mkazi wa kijiji gani na barua yake iko wapi. Mwenyekiti wa kitongoji alipoombwa barua akauliza tangu lini wafugaji wamekuwa watu wa kitongoji chake.

Ndugu msomaji, naomba uitazame hali hiyo kama ilivyo. Mtu pekee katika eneo lile aliyekuwa tayari kumgusa mbwa, na kwa kumgusa akawakinga watoto sita wa mwenye mbwa, ndiye aliyekosa karatasi ya kuthibitisha kwamba yupo. Mjomba alinipigia simu usiku. Fedha za ufuta zilikuwa hazijaingia. Aliuza mbuzi wawili, nami nikatuma nilichokuwa nacho, sindano zikanunuliwa mjini, kijana akachomwa zote. Alipona, au niseme hakuugua, ambalo ndilo lengo la chanjo. Barua ya kitongoji haikutoka kamwe.

Mtu atasema hiyo ni kadhia moja ya shamba moja. Lakini mkoa wa Lindi si mgeni katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates, lilisaidia mradi wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwemo, sambamba na miradi ya KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini na ya Ufilipino. Msingi wake unajulikana: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Huku kwetu kulikuwa na shaka ya ziada, kwa kuwa katika Lindi na Mtwara bweha nao huonekana kubeba ugonjwa kwa kiwango kisicho cha kawaida, maana tumepakana na misitu na pori kubwa la Selous. Watafiti walifuatilia kwa miaka na kukuta kwamba pamoja na bweha wote hao, kuchanja mbwa wa nyumbani bado kunaushusha ugonjwa. Ninayependa kuwakumbusha wenzangu zaidi ni Pemba. Kisiwa kile karibu chote ni cha Waislamu, wengi wao Mashafii kama sisi, mbwa wao ni wachache na wa shamba. Kwa kampeni za chanjo kichaa cha mbwa kilitoweka Pemba mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016, kikiletwa na mbwa waliovushwa bahari na watu. Chanjo zikarudishwa, kikaondolewa tena kufikia 2018. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba jamii inayomhesabu mbwa kuwa najisi haiwezi kumtunza. Imeweza, na mara mbili.

Njia ya zamani, inayopendwa na halmashauri zenye haraka, ni kuwapiga risasi mbwa wazururao. Inaleta kelele, inaleta picha, na haileti kinga. Wanaouawa ni pamoja na waliochanjwa, wanaobaki huzaa, wengine huingia kuziba nafasi. Risasi humwondolea mwenye mbwa wajibu wake, na nadhani ndiyo sababu inapendwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imemwekea mwenye mnyama wajibu wa kumkinga na njaa, kiu, maumivu na maradhi. Haikusema wajibu huo unakoma hatua tano kutoka kwa mnyama.

Niwageukie sasa wasomaji wa mijini wenye mbwa wa kizungu, kwa maana najua mko na mmesubiri. Kinyozi anayefaa hujulikana kwa swali lake la kwanza. Akikuuliza kadi ya chanjo, kaa. Akikuuliza rangi ya utepe, ondoka. Mbwa kumi wasiojulikana ndani ya chumba kimoja ni kambi ya viroboto na magonjwa asipokuwa mkali. Mashine yake ya kunyolea ioshwe kwa dawa baina ya mbwa na mbwa, kwani mapunye huhama kwa wembe wa mbwa kama yanavyohama kwa wembe wa binadamu. Asimnyoe kipara mbwa wa tabaka mbili za manyoya, kama wale wa Kijerumani wa polisi, kwa kudhani anampunguzia joto. Mbwa hapoi kwa kutoa jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, na manyoya yale yanamkinga na jua. Linalopaswa kuondolewa ni sufi ya ndani iliyokufa, kwa brashi. Asimfungie mbwa ndani ya kizimba kilichozibwa akamwelekezea mashine ya hewa moto kisha akaenda kula. Mbwa hufa hivyo, na wenye pua fupi hufa haraka zaidi. Asimpe dawa ya usingizi wala sindano yoyote. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeilinda taaluma hiyo kwa sababu. Kucha zikatwe kidogo kidogo, maana ndani ya kucha mna mshipa, na mbwa aliyetoneshwa hapo mara moja hamsahau mkataji. Na umwombe akueleze alichokikuta: uvimbe, kupe wangapi, sikio gani linanuka. Asiyekuwa na la kukueleza amemwosha mbwa kama anavyooshwa gari.

Nimezungumza pia na sheikh mmoja wa Kilwa Masoko ninayemheshimu, bila kumtaka anibadilishie madhehebu. Alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa. Najisi, alisema, huhamia kwa majimaji. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu haubebi kitu. Glavu zipo. Brashi yenye mpini mrefu ipo. Udongo na maji vipo tangu Mungu aumbe Kilwa. "Mtume hakutwambia tuwaache wafe kwa upele," alisema, kisha akataka kujua kama chanjo ya mwaka ule ingefika Masoko au ingeishia Nangurukuru kama siku zote.

Kampeni za chanjo hufanyika zaidi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi ni bure. Tatizo linalowakumba wachanjaji wetu pwani si sindano. Ni kwamba mbwa hajawahi kushikwa na mtu, hawezi kushikwa siku hiyo, na mwenyewe anasimama mbali akisema mchomeni. Mbwa aliyezoea kupapaswa, kuchanwa na kufungwa kamba huletwa na mtoto wa miaka kumi. Asiyezoea hurudi porini bila chanjo, na hesabu ya 70 inavunjika hapo.

Kijana wa Kisukuma amehama na ng'ombe wake kuelekea Liwale. Mjomba ana mbwa wawili wapya, na safari hii wote wamechanjwa, kadi zao zimehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya shamba. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta ndoo maalumu imetundikwa kwenye mkorosho, glavu nzito za mpira kando yake, na brashi ya kusugulia sakafu iliyofungwa kwenye mpini wa jembe. Alinionyesha anavyofanya, asubuhi, manyoya yakiwa makavu, akisimama upande wa upepo. Mbwa walikuwa bado hawajamzoea, wala yeye hajawazoea. Aliniomba nimtafutie namba ya simu ya yule kijana, kwa sababu mmoja wao ana kitu ndani ya sikio na mkono wake, anasema, bado haujui.